Nilijua Maana ya Kinga, Nikanyamaza

Nina miaka arobaini na tatu, mjane, mama wa binti mmoja ambaye hataki tena kuniita mama. Ninaishi Lubumbashi, katika cité, mtaa mpya uliojengwa ng'ambo ya barabara kubwa ya malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani. Wasomaji wenzangu, wengi wenu mnaandika mkilia jinsi mlivyotendwa. Mimi sikutendwa na mtu… Mimi ndiye niliyetenda! Na niliyemtenda ni mtu aliyeniamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Nawaomba mnisome hadi mwisho, halafu mnitukane mkitaka. Nimeshazoea.

Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikiokota Tunduma, Tanzania. Nilikaa huko miaka minne kwa shangazi yangu nilipokuwa msichana, tukiuza vitenge. Kwetu Lubumbashi tunasema Kiswahili chetu wenyewe, muntu, bantu, mutoto, na Kifaransa tunakichanganya humo bila kipimo. Niliporudi nikisema "mtu" na "watoto", watu walinicheka. Baadaye wakaanza kunisifu. Wakaniita Mama Bora, kwa sababu ya Kiswahili changu bora. Jina lile lilinipanda kichwani, jamani! Nikawa natembea nimeinua kidevu.

Sasa nieleze neno moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Sisi wa Lubumbashi baskeli tunaiita kinga. Mtoto wetu akilia kwamba anataka kinga, anataka baskeli. Ninyi wa nchi nyingine mtacheka. Chekeni tu, mimi kicheko kilishaniisha.

Mume wangu, Ilunga, alikuwa fundi wa kinga. Kibanda chake cha mabati kilikuwa upande wa pili wa barabara, karibu na soko na shule. Kila mtu alimfahamu. Wabeba makala, yaani mkaa, wanaotoka porini na magunia yamefungwa juu ya kinga hadi mtu haonekani, walimu, mama wauza mikate, wote walipita kwake kuziba pancha. Mwenyewe aliniita Mama Nadège, kwa jina la binti yetu, nami nikamwita Baba Nadège. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akifurahi alipiga mluzi, akikasirika alinyamaza akaanza kunyoosha spoku za magurudumu.

Tulipopata parcelle yetu, kiwanja cha kujenga, katika cité ile tulifurahi sana. Hewa safi, nafasi ya kulima mboga, majirani wapya. Tatizo lilikuwa moja tu: barabara! Kila kitu cha maisha kilikuwa ng'ambo. Shule, soko, kliniki, kazi. Na katikati yake malori, usiseme. Unasimama na kinga yako unangoja, unangoja, halafu unafumba macho unakimbia. Mama mmoja muuza mikate hakufika ng'ambo. Mikate yake ilitapakaa hadi kwenye mtaro, na Ilunga ndiye aliyekwenda kuiokota.

Tangu siku ile mume wangu hakutulia. Chini ya barabara kulikuwa na buze kubwa, lile bomba la zege la kupitisha maji ya mvua. Akaenda na kamba akalipima, kimo na upana, akafunga fundo kila mahali. Jioni akanionyesha ile kamba mezani, uso unang'aa.

"Mama Nadège, wakipanua hapa kidogo tu, kinga inapita. Hata yenye gunia ya makala. Muntu hashuke hata!"

Alikuwa hajui kuandika barua vizuri, lakini alijua kwenda. Kampuni ya ujenzi ilipoanza kupanua barabara ile iwe ya njia mbili kwenda na mbili kurudi, yeye alikuwa pale karibu kila wiki na kamba yake. Walimfukuza, akarudi. Walimcheka, akarudi. Mwishowe walichoka naye, au labda walimwonea huruma, sijui. Wakasema watawauliza wakazi wenyewe wachague.

Kampuni ikamtuma mtu wake wa kuongea na wananchi, bwana Hamisi, Mtanzania kutoka Morogoro, mpole, mwenye kofia ya plastiki ya njano. Wakubwa wake walimchagua kwa kuwa anajua Kiswahili, nasi tunasema Kiswahili. Nani angeona shida hapo? Kiswahili si ni Kiswahili!

Karatasi aliyoleta iliandikwa Kiswahili cha kwao. Watu wakasema mara moja: asome Mama Bora.

Hapa lazima niwaambie kuhusu mwalimu Kabeya, kwa sababu bila yeye nisingefanya upumbavu ule. Hapana, nafuta hayo… Upumbavu ni wangu, yeye msimlaumu. Kabeya ni mwalimu wa shule ile ya ng'ambo, mtu wa Kasai, ambako Kiswahili si lugha yao, msomi, miwani puani. Katika mkutano wa kwanza wa cité nilisimama nikazungumza kwa Kifaransa, nikitaka kutaja barabara nikasema "le route". Akanisahihisha mbele ya wote, taratibu, kama mtoto wa darasa la pili: "La route, mama." Watu wakaangua kicheko. Nilikaa chini masikio yakiwaka. Nikasema moyoni, ngoja, utakuja kwenye uwanja wangu.

Siku ya karatasi ndiyo siku aliyokuja kwenye uwanja wangu.

Tulikutana Jumatatu jioni, kwenye uwanja wa parokia, watu wamekalia viti vya plastiki na matofali. Kamati ya cité ilikuwa inangoja kupata mwenyekiti, na jina langu na la Kabeya ndiyo yalikuwa midomoni. Nikasimama na kikwembe changu, kitenge kipya, nikasoma kwa sauti. Chaguo la kwanza: njia ya chini ya barabara. Chaguo la pili: barabara yenye kinga, zege, pande zote mbili.

Uwanja mzima ulipiga kelele! Kinga! Pande zote mbili! Wakauliza zege ni nini, nikawaambia ni béton. Basi tena! Barabara ya kinga, ya béton, huku na huku! Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasema hiyo njia ya chini ni ya panya, mvua zikinyesha tutakufa maji humo, na wezi watajificha. Wengine wakauliza, je, kuvuka tutavuka wapi? Nami, bila hata kuangalia karatasi, nikajibu watatuwekea taa na mistari myeupe.

Taa! Kwenye karatasi ile hakukuwa na taa. Hakukuwa na mistari. Niliongeza mimi, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na nilitaka waendelee kunitazama.

Mwalimu Kabeya ndiye peke yake aliyeinua mkono. Akauliza kwa upole ni kwa nini, nakumbuka mpaka leo:

"Mama Nadège, juu ya nini banaandika kinga tu, bila njia? Hiyo neno, kule Tanzania, iko na maana gani?"

Swali la mtu mwenye akili. Mimi nikamwona anataka kuniaibisha tena. Nikamjibu kwa Kiswahili chetu ili wote wasikie vizuri:

"Maître, weye bakia na Kifaransa yako. Kiswahili uachie benye kuijua!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kabeya akavua miwani, akaifuta, akakaa. Ilikuwa saa yangu tamu, wasomaji. Naona haya kuandika kwamba ilikuwa tamu, lakini nimeamua kusema kweli.

Ikabaki Ilunga. Yeye ndiye aliyepigania njia ya chini, kamba yake ilikuwa mfukoni siku ile. Watu wakamgeukia. Alinitazama mimi kwanza, na mimi nikatabasamu. Akasimama akasema kama ni kinga pande zote mbili, basi ni zaidi ya alichoomba, na akainua mkono wake kabla ya wote. "Ni bibi yangu njo anasoma," akawaambia, yaani mkewe ndiye anayesoma, kifua mbele. Mikono yote ikafuata. Nikatia sahihi kwa niaba ya cité, na kabla hatujatawanyika wakanifanya mwenyekiti.

Kesho yake asubuhi nilikutana na bwana Hamisi kwenye kituo chao cha kazi, nilipompelekea nakala. Alinishukuru sana. Akasema tumechagua vizuri, kwamba njia za chini zina usumbufu wa maji.

"Ukuta wa zege kila upande, mama, kimo cha kifua. Hakuna tena mtu wa kukatiza ovyo. Hiyo ndiyo kinga ya uhakika."

Ukuta? Nilimwuliza, ukuta gani? Akacheka, akadhani natania. Kinga, mama! Ya kuzuia watu wasiingie barabarani.

Sikuhitaji kumwuliza tena. Kwa sababu nililijua neno lile! Sikulisikia kwa mara ya kwanza pale. Tunduma, wiki yangu ya kwanza, muuguzi alimwuliza shangazi kama mtoto wake amepata kinga, nami nikashangaa hospitali gani hii inagawa baskeli kwa watoto wachanga. Shangazi alinicheka mwezi mzima. Nililijua, nililiishi miaka minne, na Jumatatu ile mbele ya watu sikulikumbuka kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa Kabeya. Mpaka hapo lilikuwa kosa tu. Kosa la mtu yeyote.

Dhambi ilianza hapa. Bwana Hamisi aliniambia karatasi zitapelekwa kwa wakubwa Ijumaa, na kama tuna neno la kubadili tumwambie kabla. Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na siku tatu nzima, na kinywa kizima, na mtu mpole mbele yangu anayengoja niseme. Nikasema aksanti, hatuna neno.

Mnaniuliza kwa nini? Na mimi najiuliza! Nilifikiri jinsi nitakavyosimama tena uwanjani na kusema, jamani, niliwasomea vibaya, mwalimu aliuliza vizuri. Nilimwona Kabeya akivaa miwani yake. Niliona watu wakinivua lile jina la Mama Bora nililolivaa miaka yote. Ndipo nikaanza kujidanganya… kwamba ukuta pia si mbaya. Kwamba unazuia ajali. Kwamba labda wataacha mlango mahali. Moyo ukitaka kujificha haukosi maneno.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano Ilunga alirudi kutoka kazini akipiga mluzi, akanieleza atahamisha kibanda chake karibu zaidi, pale kinga zitakapopita, na amepaka rangi kibao kipya. Nikampakulia bukari, ugali wetu, nikamwambia ale ungali na moto. Alhamisi nilikwenda hadi karibu na kituo cha bwana Hamisi, nikasimama, nikageuza. Ijumaa ikapita kama siku nyingine.

Ukuta ulijengwa kipande kwa kipande, wakishusha vile vipande vya zege kwa mashine. Mwanzoni watu walidhani ni ukingo wa njia ya kinga. Walikuja kutazama, wakapigapiga béton kwa viganja, wakasifu kazi. Mashine zikaendelea. Vipande vikaungana, hakuna mlango. Na lile buze ambalo mume wangu alilipima kwa kamba, wakaliwekea nondo mdomoni ili watu wasipite, maji tu. Pa kuvukia palibaki mahali pamoja tu, kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara, mbali kiasi kwamba mtoto wa shule anatoka nyumbani alfajiri ili aiwahi kengele.

Siku watu walipoelewa, walimfuata bwana Hamisi kwa hasira. Masikini yule baba alitoa karatasi, akawaonyesha sahihi yangu. Akawaeleza maana ya kinga kwao. Mtu mmoja, waliniambia, akaanza kucheka, kicheko kibaya kile cha mtu aliyeibiwa. Wakaja nyumbani kwangu. Wengine walipiga kelele nje ya lupango, ua wetu, kwamba nimenunuliwa, kwamba nimewauza kwa Watanzania. Hilo halikuwa kweli. Ningekuwa nimenunuliwa labda leo ningekuwa na haya ndogo kuliko hii.

Ilunga alitoka akawatuliza. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake. Mikono yake yenye grisi ilikuwa juu ya magoti. Akaniuliza:

"Mama Nadège, uniambie kweli. Ile siku, ulikuwa unajua?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, wasomaji. Aliiweka sebuleni kwangu, imekaa kwenye kiti. Na mimi nikajibu kwa kitu ambacho kilikuwa nusu ya kweli, kwa maana siku ile yenyewe ya mkutano kweli sikukumbuka. Nikasema hapana. Sikujua kabisa. Nikalia, hata!

Alinitazama, akaamini. Akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Basi biishe," akasema. "Ni kosa tu. Mi nitaitengeneza."

Tangu siku ile kila aliyenitaja vibaya alikutana na mume wangu. Sokoni, kwenye kibanda, kanisani. Mtu aliyekuwa hasemi maneno kumi kwa siku akawa anabishana hadi mishipa ya shingo inasimama: "Bibi yangu hakukuwa anajua!" Aligombana na rafiki yake wa tangu utoto kwa sababu yangu. Nami nilikuwa nasimama pembeni, nimeinamisha kichwa, nikionekana mnyenyekevu.

Halafu akaanza kuitengeneza kweli. Alitafuta mbao, akapiga misumari, akatengeneza ngazi pana, mbili kwa kila ukuta, zenye mfereji katikati wa kupitisha gurudumu. Moja akaiegemeza upande wa nje wa ukuta, nyingine upande wa barabara. Unapandisha kinga, mtu anaipokea juu, anaishusha. Watu walifurahi, wakamsifu. Hata walionichukia walipita kwenye ngazi zake. Kila alfajiri kabla ya kufungua kibanda alikaa pale akiwapokea, mama wauza mikate kwanza, wabeba makala, walimu. Kabeya mwenyewe alipita hapo kila siku, na Ilunga alimshikia kinga yake kwa mikono miwili.

Niliogopa. Kati ya ukuta na malori palikuwa na nafasi ndogo tu ya kusimama. Nilimwambia aache, kampuni itakasirika, lori litamgonga. Akanijibu kwamba hawezi kuacha watu wateseke kwa kosa ya nyumba yake. Kosa ya nyumba yake! Neno moja tu lingemtoa pale. Ningemwambia nilijua, angenikasirikia, angenifukuza labda, angenyoosha spoku mwaka mzima bila kusema nami… lakini asingekuwa na sababu ya kusimama pale kunilinda mimi. Sikulisema.

Ilikuwa asubuhi ya mvua nyepesi. Mama mmoja mzee alikuwa anashusha kinga yake yenye beseni la samaki wakavu wa Kasenga, mguu ukateleza kwenye ubao. Ilunga akasogea nyuma hatua moja kumdaka. Hatua moja! Lori lilikuwa linalipita jingine. Yule mama alibaki ameshikilia ukuta, mzima, hata samaki wake hawakumwagika wote. Mume wangu alitupwa mbele ya macho ya nusu ya cité.

Kabeya ndiye aliyekuja kunigongea, miwani hana, shati lina damu. Alisema tu, "Mama, twende."

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha dirishani. Daktari hakunificha kitu. Nadège, binti yetu wa miaka kumi na tisa, alikuwa amepiga magoti upande mmoja na mimi upande mwingine. Ilunga alipofumbua macho mara moja, alimwona muuguzi mgeni, na mnajua alisema nini? Sauti ikimtoka kwa shida, alimwambia yule muuguzi asiyetujua hata kidogo: "Bibi yangu… hakukuwa anajua."

Mawee! Nilitamani sakafu ipasuke.

Nilingoja Nadège atoke kwenda kutafuta maji. Nikainama kwenye sikio la mume wangu, nikamshika mkono, nikamwambia yote. Tunduma, muuguzi, Jumanne, siku tatu. Nikamwambia Baba Nadège, nilijua, nisamehe. Nilikuwa nalia ninaharakisha maneno, naogopa mlango utafunguka. Nilipomaliza nilisikia mkono wake unalegea ndani ya mkono wangu.

Sijui kama alisikia. Mpaka leo sijui! Labda alisikia akanisamehe. Labda alisikia akaniachia mkono kwa sababu hakuutaka tena. Labda alikuwa ameshakwenda kabla sijafika Tunduma, na nilikuwa naungama kwa mwili mtupu. Nimeuliza madaktari, nimeuliza padri. Kila mmoja ananipa jibu la kunifariji, na jibu la kufariji halinisaidii.

Kilio kilijaa watu. Walitanda bâche kubwa, turubai, kwenye lupango, kinga zikaegemezwa kwenye ukuta wa nje hadi mwisho wa avenue. Mmoja mmoja walisimama kumsifu. Na kila mmoja, kwa kunionea huruma, alimalizia kwa maneno yale yale. Tumsamehe mama, hakujua. Marehemu mwenyewe alituambia, hakujua. Bwana Hamisi pia alikuja, kofia mkononi, akalia mbele ya watu, akasema dhambi ni yake kwa kuandika Kiswahili cha kwao, na kwamba mama huyu angejuaje?

Hapo nilishindwa. Nikasimama katikati ya akina mama wa kilio, kikwembe kichwani, nikasema nilijua. Niliwaeleza siku ile ya Jumanne. Niliwaambia bwana Hamisi aliniuliza nikamjibu hatuna neno. Sauti yangu ilikuwa kavu, sikulia hata chozi moja.

Hakuna aliyenipiga. Nilitegemea kupigwa. Watu walianza kusimama wakitoka taratibu, wakichukua kinga zao. Nadège alikuja mbele yangu.

"Mamu… baba amekufa akikutetea. Na weye ukamuacha."

Akafunga nguo zake kwenye begi, akaenda kwa dada wa baba yake, ng'ambo ya barabara.

Wakwe hawakuniondoa nyumbani, kwa heshima ya marehemu. Kabeya sasa ndiye mwenyekiti wa cité. Ameandika barua mpya pamoja na bwana Hamisi, wameomba tena njia ya chini, na kamba ya Ilunga wameiambatisha, na mafundo yake yote. Siku ya kuisoma mbele ya watu nilikaa nyuma kabisa, karibu na choo. Kabeya akaniita mbele. Nilikataa, akaniita tena. Akaniwekea karatasi mkononi, akasema polepole, bila kejeli, na ningeona nafuu kama angenikejeli:

"Soma, mama. Kila neno ngumu, usimame."

Nilisimama kwenye kila neno. Zege, nikaeleza. Nondo, nikaeleza. Pale palipoandikwa baskeli nilieleza ni kinga, kinga yetu, ile ya kupanda. Kulisema neno lile kulinichukua muda, na walinisubiri. Jibu la kampuni hatujapata. Ngazi za mbao ziliondolewa, ukuta bado upo, na watu wanaendelea kuuruka kwa namna yao.

Wasomaji wangu, dada zangu, kaka zangu, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Nina hili tu. Ukikosea mbele ya watu, simama hapo hapo useme umekosea! Watakucheka siku mbili, siku ya tatu watasahau. Nilidhani aibu ile ingeniua. Aibu haiui mtu, nimejionea mwenyewe, kwa kuwa ninaishi nayo sasa na ninakula na kulala. Na ukiwa na mtu nyumbani anayekutetea kwa jambo ambalo unajua umelitenda, mwambie leo, kabla hajatoka mlangoni. Usimngoje hadi awe kitandani hasikii. Nawasihi, msipite nilipopita.

Kinga ya Ilunga ninayo. Siipandi, ninaisukuma. Kila asubuhi ninaisukuma hadi rond-point, ninavuka, ninarudi upande wa pili hadi sokoni ninakouza mboga. Njiani huwa ninamwona Nadège, yeye yuko upande ule, mimi niko upande huu, kuta mbili na malori katikati yetu. Ninamwita kwa jina. Hageuki. Malori yana kelele nyingi, na sijui kama hanisikii.